Nani atatuchora? Neno langu juu ya masomo ya sanaa

Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, nyumba nyingi za Bogoro, Kasenyi na Bunia zinageuka mahakama. Mtoto ameleta asilimia yake, sasa wazee wanakaa, baba mkubwa anaitwa, yaya aliyesoma anaitwa, na swali ni moja tu: atasoma nini? Majibu yanajulikana mbele. Udaktari, sheria, uchumi, informatike. Asilimia ikiwa ya chini kidogo, basi pedagojia ao agro. (Mimi nilimaliza agro, kwa hiyo najua vizuri namna watu wanavyotutazama.) Lakini mtoto akisema anataka kusoma kuchora, kuchonga ao kubuni vitu, kikao kinanyamaza. Kisha mtu anacheka. Kisha mama anauliza: «Sasa utakula karatasi?»

Ndugu zangu wasomi, na leki zangu mnaosoma bado, mimi nataka kubishana na hukumu ile. Lakini sitaishia kwa wazazi. Shule za sanaa zenyewe ziko na makosa yao, na mtu anayezitetea bila kuyasema makosa hayo hamsaidii mtoto anayetaka kwenda.

Hukumu ya wazazi inasimama juu ya miguu miwili. Wa kwanza: kuchora ni kipawa, mtu anazaliwa nacho, sasa minervali ni ya nini? Wa pili: hakuna falanga ndani. Tuanze na ule wa kwanza, juu ndio unaoonekana kuwa na nguvu.

Wanaousema wako na mifano mikubwa kabisa. Chéri Samba, mmoja wa wachoraji wa Congo wanaojulikana sana duniani, hakupita Akademia. Alizaliwa mwaka 1956 huko Kinto M'Vuila, akafika Kinshasa mwaka 1972, akafanya kazi kwa wachoraji wa mabango, na mwaka 1975 akafungua atelye yake mwenyewe. Tshibumba Kanda Matulu wa Katanga naye hakuwa na diploma ya sanaa. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora karibu picha mia moja juu ya historia ya nchi yetu. Mwanaantropolojia Johannes Fabian aliandika kitabu kizima juu ya picha zile, pamoja na maelezo ambayo mchoraji mwenyewe aliyatoa kwa Kiswahili cha Katanga, ndugu wa hiki chetu. Kwa hiyo watu wanasema: unaona? Mwenye kipawa hahitaji profesa.

Mimi naona mifano hii inasema kinyume. Kazi ya bango la duka ni mtihani wa kila siku. Ukichora kuku wa mgahawa akafanana na bata, haulipwi. Ukiandika jina la kinyozi kwa herufi ambazo hazisomeki toka ng'ambo ya barabara, haulipwi. Bwana wa atelye anakutazama, anakukaripia, anakufutisha, unaanza tena. Yule kijana wa mwaka 1972 alikuwa na mwalimu, alikuwa na mazoezi, alikuwa na wasahihishaji wengi kuliko mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu. Ile ni shule. Inakosa tu ukuta na muhuri.

Basi swali la kweli si kama msanii anahitaji shule. Kila msanii alifundishwa fasi fulani na mtu fulani. Swali ni hili: mtoto wa Bogoro, ambaye hakuzaliwa karibu na atelye za Kinshasa wala za Lubumbashi, atafundishwa wapi na nani?

Shule nzuri ya sanaa inatoa vitu vinne ambavyo kipawa hakiwezi kujipa. Kwanza, muda: miaka kadhaa ambayo kazi yako ni kutazama na kujaribu tu. Pili, vifaa: udongo, tanuru, chuma, rangi, mashine ya kuchapa, mambo ambayo familia moja haiwezi kununua. Tatu, kumbukumbu: kujua wengine walifanya nini kabla yako, usije ukajisifu kwa kuvumbua kitu cha miaka 400. Nne, na kwangu hiki ndicho kikubwa, kusahihishwa hadharani. Kazi yako inatundikwa ukutani, na profesa na wenzako wanasema mbele yako: hapa umefaulu, hapa umedanganya, mkono huu haukutazamwa. Kwetu heshima inakataza kumwambia mtu mbele ya watu kwamba kazi yake haijafika. Tunasema «iko muzuri», kisha tunacheka tukiwa mbali. Mtoto mwenye kipawa anayesikia «iko muzuri» kwa miaka kumi anabaki palepale alipokuwa.

Sasa nigeukie shule zenyewe. Zile za upande wetu wa Afrika zilianza karibu wakati mmoja, katika miaka ya 1930 na 1940, mikononi mwa wazungu, na kila mmoja wao alikuwa na wazo lake juu ya Mwafrika. Wazo lile liliingia katika mafundisho.

Ile ya Kinshasa ilianza mwaka 1943 huko Gombe-Matadi, katika Bas-Congo ya zamani. Mwanzilishi ni mtawa Mbelgiji, Frère Marc-Stanislas, na mfano wake ulikuwa shule za Saint-Luc za kwao. Mwaka 1949 ilihamia Léopoldville, na mwaka 1957 ikapata jina la Akademia ya Beaux-Arts. Mwanafunzi alifundishwa kuchonga, kuchora, kufinyanga, kwa nidhamu na kwa mpango. Lakini mpango ule ulitoka Ulaya. Kosa la namna hii sisi wa agro tunalijua: ni kuleta mbegu pamoja na kalenda yake ya kupanda, bila kuuliza mvua ya huku inaanza lini.

Elisabethville, Lubumbashi ya leo, walifanya kinyume chake. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, alifungua atelye ambayo watu wanaiita mpaka leo le Hangar. Yeye alikataa kabisa kuwafundisha vijana sanaa ya Ulaya. Aliwapa rangi na nafasi, akawaambia wachore yaliyo ndani yao. Matunda yalikuwa ya kushangaza. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na nyoka juu ya nukta nyingi zilizopangwa kwa uvumilivu. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa mistari mifupi mifupi. Bela alichora kwa ncha za vidole. Ukiona picha moja tu, unajua mara ni ya nani. Romain-Desfossés alipokufa mwaka 1954, kazi yake iliingizwa katika Akademia ambayo Laurent Moonens alikuwa ameifungua katika mji huohuo.

Mimi napenda picha zile. Lakini tazama yale yasiyokuwamo. Elisabethville ilikuwa mji wa shaba, wa bomba la moshi la Union Minière, wa makambi ya wafanyakazi. Katika picha nyingi za Hangar ninazozijua, bomba haliko, mgodi hauko, mzungu hayuko. Kuna pori na wanyama. Mwalimu aliyesema «sitawafundisha kitu ili nisiwaharibu» alikuwa amekwisha kuamua wao ni nani: watu wa pori, hata kama wanaishi mjini na kusikia king'ora cha kiwanda kila asubuhi. Kumnyima mtu maarifa kwa sababu unampenda alivyo bado ni kumnyima. Na tazama tena: aliyekuja kuuchora mgodi na mjeledi wa mkoloni ni Tshibumba, katika mkoa uleule, miaka 20 baadaye, yeye ambaye hakuna aliyemlinda na maarifa.

Makerere, Kampala, ilipita katika makosa yote mawili na ndiyo maana ninaiheshimu. Margaret Trowell alianza kufundisha huko mwaka 1937. Naye mwanzoni aliogopa kuwajaza wanafunzi Ulaya. Alitaka wachore hadithi na vijiji vyao. Mwaka 1958 akafuatwa na Cecil Todd, ambaye alileta historia ya sanaa ya Ulaya na elimu ya rangi kwa nguvu. Wanafunzi walibaki katikati ya mawazo hayo mawili, wakabishana, na baadhi yao wakawa walimu wa shule ileile. Sam Ntiro, mtu wa Kilimanjaro, alisoma Makerere, akaongeza masomo katika shule ya Slade huko London, na hata baada ya London aliendelea kuchora watu wa kijiji wakilima na kuvuna pamoja. Shule haikumgeuza Mwingereza. Ilimpa namna ya kupanga watu wengi ndani ya picha moja bila mmoja kumfunika mwingine.

Mwenzake Gregory Maloba, Mkenya, naye alipita kwa Trowell. Ukifika Kampala katikati ya mji, ile sanamu ya mama aliyefungwa kwa vitambaa akimwinua mtoto juu ni kazi yake, Sanamu ya Uhuru ya mwaka 1962. Wafanyabiashara wa Bunia wanapita pale kila siku wakitafuta bidhaa. Taifa jirani lilipotaka kujionyesha uhuru wake, lilikuwa na mtu aliyesomeshwa kwa kazi ile. Halikuagiza sanamu Ulaya.

Na mfano unaonigusa zaidi ni wa Elimo Njau, Mtanzania, mwanafunzi mwingine wa Makerere. Mwaka 1959 alichora picha kubwa katika kanisa la ukumbusho huko Murang'a, Kenya, lililojengwa kwa ajili ya Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Maisha ya Yesu aliyaweka katika milima na miti ya Wagikuyu, na watu wake ni watu weusi wa pale. Fikiria ugumu wa kazi ile. Damu haijakauka. Majirani wamegawanyika. Kila familia iko na marehemu wake na maelezo yake. Ukichora vibaya unafungua kidonda, ukichora uongo unamtukana aliyekufa. Kipawa peke yake hakikutoshi mbele ya ukuta wa namna ile.

Hapa ndipo nafika kwetu Bogoro, na naomba tusome polepole.

Sisi wa Bogoro tumeandikwa sana na tumepigwa picha sana. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji hiki, kilometa kama 25 toka Bunia kwenye njia ya kushuka Kasenyi na ziwa, kilishambuliwa na watu wengi wakauawa, wengine ndani ya vyumba vya shule. Kesi ilikwenda La Haye. Mwezi wa Januari 2012 majaji walikuja wenyewe kuona fasi. Tarehe 7 Machi 2014 Mahakama ilimhukumu Germain Katanga, baadaye ikampa miaka 12. Tarehe 24 Machi 2017 ikaamuru fidia kwa wahanga 297: dola 250 kwa kila mmoja kama ishara, pamoja na fidia za pamoja, yaani msaada wa nyumba, wa kazi za kuleta mapato, wa masomo na wa kisaikolojia.

Angalia neno «masomo» hapo ndani. Siandiki hivi ili kupanga fidia ya mtu, kila familia inajua shida yake. Nauliza tu swali moja. Kama mtoto wa familia ile angesema anataka kusoma kuchonga, sisi yaya zake wenye lisansi tungemjibu nini? Wengi wetu tungemwambia asichezee falanga za marehemu. Mimi naona tungekosea. Kurasa za La Haye zinasema nani alihukumiwa na kwa nini, na hiyo ni kazi ya mahakama. Hazisemi mama fulani alivyosimama mlangoni, wala rangi ya pagne yake, wala ukimya wa njia asubuhi ya kesho yake. Picha nyingi za mateso ya Ituri zilizotembea duniani zilipigwa na wageni waliokaa siku mbili tatu. Sisemi walikosea kuja. Lakini mgeni anachukua picha anayoijua tayari: mtoto anayelia, bunduki, hema la wakimbizi. Siku tutakapotaka ukumbusho wetu, unaoweza kutazamwa na Mhema na Mlendu, na Mbira pia, bila mmoja kuinama kwa aibu na mwingine kukunja ngumi, nani atauchora? Kazi ile inahitaji mtu wa hapa aliyesoma sana.

Mtu wa namna hiyo anawezekana, na nchi yetu imekwisha kumtoa. Freddy Tsimba alimaliza Akademia ya Kinshasa mwaka 1989. Baada ya diploma hakujiona amefika. Alikwenda tena kujifunza kwa mafundi wa kuyeyusha na kuunga chuma. Sanamu zake za binadamu anazitengeneza kwa maganda ya risasi yaliyookotwa, vijiko, funguo, na nyumba nzima aliijenga kwa mapanga. Tazama akili ya kazi ile. Panga kwetu ni chombo cha shamba, na ni chombo cha mauaji. Ukijenga nayo nyumba, mtazamaji anauliza mwenyewe: naweza kulala ndani? Hakuna hotuba iliyoandikwa ukutani. Na bado kama hajui kuunga chuma, nyumba inaanguka, na wazo linaanguka pamoja nayo. Hapo ndipo naona faida ya shule na faida ya fundi zikikutana katika mtu mmoja.

Sasa mguu wa pili: falanga. Sikatai. Maisha ya msanii Kinshasa ni magumu na ya Bunia yatakuwa magumu zaidi. Lakini tuseme ukweli wetu pia. Ni wangapi kati yetu wenye lisansi ya sheria, ya uchumi, ya agro, wanaoendesha moto Bunia leo? Hakuna mzazi anayesema sheria ni masomo ya bure kwa sababu ya mwanasheria mmoja anayebeba abiria. Tunasema nchi ni ngumu. Basi tumpe mchoraji haki ileile ya kulaumu nchi.

Tena, kusoma sanaa si kuchora picha za ukutani tu. Akademia ya Kinshasa inafundisha pia ufinyanzi, kazi za chuma, upangaji wa ndani ya nyumba, na mawasiliano kwa picha. Makerere wamekwenda mbali zaidi: sanaa iko katika koleji moja na uhandisi na ubunifu wa vitu. Hapo mzazi wa Ituri anapaswa kufungua macho. Kakao ya Mambasa na kahawa yetu vinatoka mkoani ndani ya magunia, bila jina na bila sura. Anayebuni pakiti, alama na jina anapata sehemu yake ya bei, na kwa sasa mtu yule anaishi mbali.

Mimi mwenyewe nimeona gharama ya kukosa watu hawa. Katika mafunzo ya wakulima tunapewa mabango ya picha yaliyochorwa sijui wapi. Siku moja nilikuwa natumia bango la ugonjwa wa mihogo. Jani lililochorwa lilikuwa limekunjamana vizuri, sawa na inavyotakiwa, lakini mama aliyeshika jembe pembeni alikuwa amevaa viatu virefu vya plastiki, jembe lenyewe si la kwetu, na nyuma yake kuna trakta. Mama mmoja mzee alitazama sana kisha akasema: «Ile ni ya batajiri. Sisi hatuna ugonjwa ile.» Ugonjwa ulikuwa shambani kwake, mita 50 toka tulipokaa. Mchoraji wa bango lile alijua kuchora. Hakujua anamchorea nani. Kumjua unayemchorea ni somo, linafundishwa, liko na mazoezi yake. Kwangu jembe lile lilichorwa vibaya kama vile mtu ameandika kipimo cha dawa vibaya.

Kuna jaribio moja Congo ambalo kila mtu wa agro anapaswa kulijua. Lusanga, zamani Leverville, mji wa mafuta ya mawese ya Unilever, wafanyakazi wa mashamba waliungana mwaka 2014 katika chama cha wasanii, CATPC, pamoja na René Ngongo, mtetezi wa misitu. Wasanii kutoka Kinshasa walikuja kuwafundisha. Wakafinyanga sanamu kwa udongo, sanamu zikatolewa tena kwa chokoleti, zikauzwa ng'ambo, na sehemu ya mapato ikanunua ardhi ya kupanda miti na chakula. Mwaka 2024 walionyesha kazi zao Venice, ndani ya nyumba ya Uholanzi. Wako wanaokosoa, na nawasikia: mpango ule uliendeshwa kwa msukumo wa msanii Mholanzi, Renzo Martens, na soko lake bado liko Ulaya. Ni kweli. Lakini ardhi ile ni ardhi, na miti ile ni miti. Mtu asiniambie tena kwamba sanaa na shamba hazijuani.

Basi nikubali ugumu mmoja ambao wazazi wanauona vizuri kuliko wasomi: umbali. Shule kongwe za sanaa za nchi yetu ziko Kinshasa na Lubumbashi. Toka Bunia mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,700 kwa mstari wa ndege, na ndege ndiyo njia. Toka Bunia mpaka Kampala kwa mstari uleule ni karibu 300. Ramani ya taifa inamwambia mtoto aende magharibi. Tumbo la mzazi linajua kwamba mashariki ni karibu. Shida ni lugha, kule wanafundisha kwa Kiingereza, na ada ya mgeni. Ni shida za kweli, lakini Waituri wamezoea kuvuka kwenda Uganda kwa biashara, kwa hospitali na kwa kukimbia vita. Kuvuka kwa masomo si ajabu.

Na kuna sababu nyingine ya kutazama upande ule. Waganda wanatengeneza nguo ya gome la mti wa mutuba, wanaiita lubugo. UNESCO iliitambua kazi ile mwaka 2005, na leo wasanii wa Kampala wanaitumia badala ya turubai. Mutuba ni Ficus natalensis. Ukibandua gome vizuri na kuufunika mti, gome linaota tena, mti haufi. Sasa, leki zangu, katika msitu wetu wa Ituri Wambuti nao wanapiga gome. Wanaume wanapiga, wanawake wanachora juu yake kwa juisi ya tunda la gardenia na makaa: mistari inayotembea, inakatika, inaanza tena fasi nyingine, na nafasi tupu imeachwa kwa makusudi. Kazi zile ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Ni masomo ya sanaa ya mkoa wetu wenyewe, yako na walimu na wanafunzi, na walimu wale ni wanawake ambao sisi wenye lisansi tunawapita barabarani bila kuwasalimu. Mimi mwanaagronomia nilifundishwa ficus kama kivuli cha kahawa. Hakuna profesa aliyeniambia kwamba ni karatasi pia.

Kwa hiyo sisemi kila anayechora kaye yake nyuma ya darasa aende Beaux-Arts. Wengine watafurahia kuchora jioni baada ya kazi, na hiyo inatosha. Nasema hivi: finaliste akija kwako kuomba shauri, usimwulize atakula nini kabla hujaona anachofanya. Mwombe kazi kumi. Kama ziko kumi zinazofanana na zote zimenakiliwa toka simu, mwambie ukweli. Kama iko moja tu ambamo ametazama kitu cha hapa kuliko sisi tulivyokitazama, basi keti naye mtafute shule.

Na shule nayo iulizwe maswali kabla ya kulipa falanga. Iko na tanuru linalowaka, ama ni picha ya tanuru kwenye kijitabu? Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanatumia vifaa gani: vya kuagiza tu, ama na udongo, miti na vyuma vya fasi? Wanafundishwa namna ya kuweka bei na kuandika mkataba? Na siku kazi inapotundikwa ukutani na profesa anasema haijafika, mwanafunzi ana haki ya kujibu na kuitetea, ama anatakiwa kusema ndiyo tu? Kama hana haki hiyo, mtafutieni shule nyingine, ao atelye ya fundi mkali. Atajifunza zaidi pale.